Tochi za kijeshi za bei chee: kabla hujajaza kaunta, washa moja usiku kucha

Leo naongea na wenye maduka madogo, wenye meza na wale wanaotembeza bidhaa mkononi, wa hapa Bomang'ombe na popote pale ambapo tochi ni bidhaa inayotoka. Mwezi huu nimeulizwa zaidi ya mara moja: "Mangi, zile tochi nyeusi za chuma, za kijeshi, zinalipa au hazilipi?"

Nijibu mapema nisikuchoshe. Nyingi ya zile za bei ya chini hazilipi. Zinatoka haraka, hilo kweli, lakini zinarudi haraka vilevile, na hela ya bidhaa inayorudi bado siyo yako. Zipo chache za bei nafuu zinazofaa kuwekwa dukani, na kuzijua kunahitaji usiku mmoja na ndoo ya maji. Sasa nieleze nilivyofika hapo, maana nilifika kwa kupigwa.

Unazijua tochi zenyewe. Ganda jeusi la alumini, kichwa kinachovutwa mbele na kurudishwa nyuma ili mwanga ukusanyike au usambae, meno meno mdomoni kama taji, boksi lenye picha ya askari mwenye kofia ya chuma na neno "tactical" kwa herufi kubwa. Ndani kuna betri moja ya kuchaji na waya wa USB. Ukiiwasha dukani mchana inamulika ukuta wa jirani mpaka jirani anachungulia kuna nini. Hapo mteja ameshaanza kutoa hela mfukoni.

Mwaka jana masika yakikaribia nilifuata mzigo Kariakoo, nikachukua katoni moja ya tochi hizo, 24 ndani. Bei ya jumla 7,500 kwa moja, yani 180,000 katoni nzima. Muuzaji alinipigia moja machoni, nikaona nyota, nikaridhika. Hapo ndipo nilipokosea. Kuona nyota siyo kipimo, lakini tuliobeba mtaji mkononi tunapenda kuamini haraka ili tuwahi basi. Nikarudi zangu Boma, nikaweka bei 12,000. Hesabu ya ndani ya basi ilikuwa tamu: 288,000 mauzo, faida 108,000 kwa katoni moja tu.

Ndani ya wiki tatu zilitoka 19. Nikaanza kuwaza katoni ya pili.

Wa kwanza kurudi alikuwa mzee mmoja mlinzi, analinda ghala la mahindi. Alikuja asubuhi nafungua mlango, hajalala, koti bado mwilini. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Taa yako imenitoroka saa nane usiku." Hakufoka. Akaniambia alitumia tochi ya simu mpaka simu nayo ikazima, akakaa na rungu lake gizani mpaka adhana. Mtu analipwa aone usiku, na mimi nimemuuzia kitu kinachoona saa moja na nusu. Nilimpa nyingine kutoka katoni ile ile, kumbe namrudishia tatizo lile lile kwenye boksi jipya.

Kwa jumla zilirudi tisa. Watano niliwabadilishia, na hapo katoni ikaisha. Wanne hawakutaka tena kuiona, nikarudisha hela, 48,000. Sasa piga hesabu na mimi: 19 mara 12,000 ni 228,000. Toa 48,000, inabaki 180,000. Bei ya kununulia ilikuwa 180,000. Faida ni sifuri kamili, na hapo nauli ya mzigo ya 10,000 sijaiweka, wala muda wa kubishana kaunta. Na kuna wateja wawili ambao hawakurudisha tochi wala hawajarudi wenyewe. Nawaona wanapita kwenda duka la pili kununua sukari. Hao hesabu yao siijui, ila walikuwa wanachukua kwangu sabuni, vocha, mafuta ya kula, kila wiki. Kwenye mji kama huu wetu, ambao mtu akiwa stendi anajua nani kanunua nini kwa nani, tochi moja mbovu haiishii kwenye tochi.

Basi nikachukua moja ya zilizorudi, nikaenda kwa fundi simu, tukaifungua. Nilichokiona ndicho ninachotaka ukijue kabla ya kwenda Kariakoo, Arusha au kwa wa jumla wa Moshi mjini.

Anza na betri. Hizi tochi zinatumia betri ya duara inayoitwa 18650. Namba hiyo ni kipimo: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ganda la ile yangu lilikuwa limeandikwa 9900 mAh. Sasa mAh ni kama ukubwa wa tenki la maji, na ukali wa mwanga ni kama bomba ulivyolifungua. Betri bora kabisa za kipimo hicho, zinazotengenezwa na makampuni kama Panasonic, Samsung na LG, zinaishia kwenye 3,500 hivi, na za karibuni kabisa zinagusa 4,000. Hakuna kiwanda kinachotoa 9900 kwenye umbo lile. Angalia simu yako: betri ya 5000 mAh imejaa karibu mgongo mzima wa simu. Halafu kitu cha ukubwa wa kidole gumba kikubebee mara mbili yake? Fundi aliipima ya kwangu, ikatoa kama 1,100. Tenki la lita kumi, ndani kuna lita moja, na bomba limefunguliwa lote. Ndiyo maana babu wa watu alibaki gizani.

Njia rahisi ya kuigundua hata bila fundi ni mzani. Betri ya kweli ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi. Ukiweka kwenye mzani wa dijitali, ule wa kupimia viungo, ukaona gramu 30 au chini yake, basi unauziwa ganda. Mimi siku hizi natembea na mzani mdogo kwenye begi. Wauzaji wengine wananicheka, wengine wananuna. Anayenuna namuaga.

Pili, lumeni. Hicho ndicho kipimo cha mwanga wote unaotoka. Boksi langu liliandika 100,000. Taa ya gari ya globu ya H4, ile ya kawaida ya volti 12, inatoa kama 1,650 ikiwa fuli na 1,000 ikiwa dimu. Kwa hiyo boksi linataka uamini kwamba umeshika mkononi taa zaidi ya 60 za gari zilizowashwa fuli. Kiganja kingeungua. Kijitaa kimoja cha LED cha aina inayowekwa kwenye tochi hizi, kikisukumwa mpaka mwisho, kinatoa kama 1,000, na hapo kinachemka, kwa hiyo tochi za bei chee haziwezi kukaa hapo muda mrefu. Kazi nyingi za usiku za huku kwetu, kumulika njia, zizi, shamba, stoo, zinatosheka na lumeni 200 mpaka 300 ambazo zinadumu. Mwanga mdogo unaokaa mpaka asubuhi una thamani kuliko mkali unaokuacha saa nane.

Hata tochi za makampuni ya kweli ujue namna wanavyopima. Kuna kiwango cha Marekani kinaitwa ANSI FL1. Lumeni zinapimwa kuanzia sekunde 30 mpaka dakika 2 baada ya kuwasha. Muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Umbali unahesabiwa mpaka pale mwanga unapobaki kama wa mbalamwezi. Kwa hiyo boksi la haki kabisa likisema "saa 8, mita 200", elewa kwamba saa ya nane ni mwanga wa kutafutia viatu, na kwenye mita 200 unaona kama mwezi mpevu unavyokuonyesha, siyo sura ya mtu. Mwambie mteja hivyo. Ataipenda duka lako kwa hilo.

Tatu, kile kichwa cha kuvuta. Wateja wanakipenda, nakubali, na mimi nilikipenda. Ukikivuta mbele mwanga unakuwa kimraba kidogo ukutani, hiyo ni picha yenyewe ya kijitaa cha ndani. Tatizo ni kwamba kichwa kinachoteleza kinavuta hewa kila ukikisogeza, na hewa inaingia na unyevu. Masika ya huku siyo mchezo. Tochi tatu kati ya zile tisa zilikuwa na ukungu ndani ya kioo, kama dirisha la daladala asubuhi. Boksi lilisema haziingii maji.

Nne, vibonyezo. Hili dogo lakini limenigombanisha na wateja zaidi ya betri. Bonyeza mara ya kwanza, mwanga mkali. Ya pili, hafifu. Ya tatu, inapepesa kama taa ya disko. Ya nne, inaomba msaada wa meli baharini. Mlinzi kasikia kitu kinaparuza ukuta, anabonyeza, tochi inaanza kucheza disko. Mwizi mwenyewe angecheka. Tochi yenye hali moja, au mbili kwa wingi, ndiyo inayofaa kazi.

Msinielewe vibaya kwamba nasema za China zote mbovu. Fenix na Nitecore ni za China na ni miongoni mwa tochi zinazoheshimika duniani, ila bei yake siyo ya kaunta zetu. Ubovu hauletwi na nchi. Unaletwa na mtu anayeagiza kwa shilingi ya mwisho kabisa, kiwanda kinampa cha thamani hiyo, halafu boksi linapakwa uongo. Na sisi tunaokwenda kuomba "nipe ya chini zaidi ya hiyo, bosi" tumo kwenye mnyororo huo.

Wala siyo jambo la kwetu peke yetu. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa mradi wa Lumina, wa maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani, walitoa ripoti kuhusu tochi za LED nchini Kenya. Waliongea na watu wanaofanya kazi kwa tochi, walinzi wa usiku na vijana wa bodaboda za baiskeli. Walichokiogopa ni hiki: tochi zinaharibika mapema sana, na mtu akiumizwa mara mbili tatu anaacha kuamini taa zote za aina hiyo, hata zile nzuri. Soko linaoza kwa ajili ya wachache. Kwenye taa ndogo za sola baadaye zikaja taratibu za kupima ubora kupitia mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia, na siku hizi orodha ya taa zilizopimwa inatunzwa na VeraSol. Kwa tochi za mkononi hakuna orodha kama hiyo ya kukusaidia, kwa hiyo mpimaji ni wewe mwenye duka.

Sasa kuna aina nyingine sijaigusa, nayo ina mtego wake: zile tochi za plastiki zenye pini mbili za kuchomeka moja kwa moja ukutani. Nyingi zina betri ya risasi ndani, ndugu yake betri ya gari. Hizi siyo lazima ziwe mbovu zinapotoka kiwandani. Zinafia dukani kwako. Betri ya risasi ikikaa muda mrefu bila chaji, bamba zake zinashika chumvi ngumu, na baada ya hapo hata uichaji siku mbili haishiki. Imesafiri kwa meli, imekaa bohari, imekaa kwa wa jumla, halafu inakaa kwako miezi minne juu ya rafu. Mteja anapofungua boksi anakutana na maiti, na anakuita tapeli. Dawa yake ni rahisi na hakuna anayeifanya: mzigo ukifika tu, zichaji zote, na kila baada ya miezi miwili au mitatu zichaji tena. Andika tarehe kwa peni nyuma ya boksi. Umeme utakaotumia ni mdogo ukilinganisha na tochi moja inayorudi. Na mwambie mteja naye asisubiri umeme ukatike miezi mitatu ndiyo akumbuke tochi iko kabatini.

Nirudi kwenye za kijeshi. Kabla ya kuuliza inalipa au hailipi, jiulize unamuuzia nani, maana hapa Boma tochi ina wanunuzi tofauti na kila mmoja ana shida yake.

Mwenye zamu ya maji usiku, wa Rundugai au Kawaya, anatembea kwenye mfereji na tope. Anataka kitu kisichoogopa maji na cha bei ambayo hata kikidondoka hatalia. Wafugaji wa huku tambarare wanataka mwanga wa kufika mbali, waone kilichoshtua ng'ombe, na hawapendi cha kuchaji, maana wengi hawana pa kuchaji kila siku. Bodaboda anataka kidogo cha mfukoni cha kumulikia mnyororo na tairi. Wagumu wanaopanda na wageni kupitia Machame au Londorossi hawataki ya mkononi kabisa. Mgumu anabeba mpaka kilo 20 na mikono ina kazi nyingine, anataka ya kichwani. Na anayekwenda kileleni anaanza safari kama saa sita usiku kutoka Barafu au Kibo, kwenye baridi inayonyonya betri kabla hata haijatumika. Ukimuuzia huyo tochi ya kichwani yenye betri ya uongo, unamuacha gizani juu kabisa karibu na mita 5,895 akiwa na mgeni nyuma yake. Kwa watu wa mlima mimi nauza ya kichwani inayotumia betri ndogo za kawaida, na namshauri abebe za akiba ndani ya koti, karibu na mwili. Kama hana hela ya nzuri, namwambia akaazime kwa mwenzake kuliko anunue ya kubahatisha kwangu.

Mama wa nyumbani anayelalamika umeme wa TANESCO kukatika wakati wa kupika, huyo usimpe tochi ya kijeshi hata akiishika na kuisifia. Anahitaji taa ya kuning'iniza inayomwaga mwanga chumba kizima. Mpe ya sola.

Kuna pia zile zenye shoti ya umeme, na zile zenye leza ya kijani. Mimi siweki. Ya shoti mtu ataichezea mwenzake baa na jina langu litatajwa polisi. Ya leza inaharibu macho ya watoto, na sisi tuko jirani na KIA, ndege zinashuka usiku, kuna vijana wakipata leza kitu cha kwanza wanachoelekeza ni ndege.

Ukishajua mnunuzi wako, fanya hivi. Usinunue katoni. Nunua moja, hata kama kwa bei ya rejareja, hata kama muuzaji anakuambia mzigo unaisha leo. Mizigo haiishagi Kariakoo. Rudi nayo nyumbani, ichaji mpaka ijae, na wakati inachaji iguse: ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, mpimo umeishia hapo. Usiku iwashe mwanga mkali, uielekeze ukutani, andika saa. Angalia baada ya nusu saa, saa moja, saa mbili, ukipiga picha kwa simu ulinganishe, maana jicho linazoea. Asubuhi yake idondoshe mara tatu kwenye sakafu ya saruji kutoka usawa wa kiuno, kisha itumbukize kwenye ndoo kwa dakika kumi. Ukiumia roho kuidondosha tochi ya 7,500, kumbuka mimi niliogopa kupoteza moja nikaishia kurudishiwa tisa.

Baada ya yote hayo niliangukia tochi moja isiyo na sura. Nyeusi pia, lakini kichwa hakivutwi, hakuna meno, hali mbili tu, boksi limeandika lumeni 300. Betri ilipimwa ikatoa karibu na ilichoandikwa. Bei ya jumla 11,000. Nilichukua dazeni moja, 132,000, nikauza 16,000. Moja ilirudi, swichi imekwama, nikabadilisha. Kumi na moja mara 16,000 ni 176,000, faida 44,000. Ila nisikufiche, zilichukua karibu miezi mitatu kutoka. Hazijiuzi zenyewe kama zile. Inabidi uongee.

Na maongezi yangu ni mafupi. Namwambia mlinzi: ya 12,000 ikikufia baada ya miezi miwili, umelipa 200 kila usiku. Ya 16,000 ikikaa mwaka, hujafika hata 45 kwa usiku. Mlinzi anajua usiku una bei gani kuliko mimi na wewe. Wengine wanaenda kutafuta hela wanarudi, wengine wananiambia niwawekee wanalipa kidogo kidogo, nawaandika kwenye daftari.

Najua kuna atakayesema, "Mangi, wateja wangu hata 12,000 hawana, unataka wafanye nini?" Swali la haki. Kwa hao naweka tochi ndogo ya 4,000 au 5,000 inayotumia betri moja au mbili za kawaida, zile za duka lolote. Mwanga wake wa kawaida tu, lakini haidanganyi mtu, na ikizima anajua tatizo ni betri, siyo tochi. Halafu angalia upande wako wewe mwenye duka: huyo atarudi kununua betri, na akija kununua betri atachukua na kiberiti na sukari robo. Ya kuchaji ikifa, hapa Boma utampeleka wapi akapate betri ya 18650 ya kweli? Mimi naijua sehemu moja tu, kwa fundi anayezitoa kwenye betri za kompyuta mpakato zilizokufa. Ndani ya betri hizo mara nyingi kuna 18650 za makampuni ya kweli, na moja iliyotumika ikiwa bado nzima inaishinda ile mpya ya 9900. Ila ni kazi ya fundi mwenye kipimo, siyo ya kujaribu nyumbani na kisu.

Kuhusu dhamana: mimi natoa siku 14. Naandika kikaratasi, tarehe, aina ya tochi, sahihi yangu. Tunaiwasha mbele yake, tunaizungusha, anaibonyeza mwenyewe mara kumi. Aliyeilowesha mtoni nikiona maji ndani na nilishamwambia haivumilii maji, sibadilishi, na tunaelewana kwa sababu nilisema kabla sijapokea hela. Na wewe kwa wa jumla wako omba hivyo hivyo. Akikuandikia siku hata saba kwenye risiti, huyo anaijua bidhaa yake. Yule wa kwangu nilipompigia kuhusu zile tisa aliniambia "mzigo ukishatoka hapa ni wa kwako," akakata simu. Na kisheria ningesumbuka, maana risiti yenyewe sikudai.

Zile tisa, nne fundi alizibadilishia betri kwa za kompyuta na zinawaka vizuri. Moja nilimpa babu bila kumdai, iko kwenye lindo mpaka leo, tatu tunatumia nyumbani na stoo. Tatu zenye ukungu nimezitoa vipuri. Mbili betri zilivimba, na hizo mbili ndizo zinazonipa mawazo: zipo kwenye kopo la mchanga nyuma ya nyumba, mbali na kuni. Kama na wewe unazo zilizovimba, usizitoboe, usizichaji, usizitupe kwenye shimo la taka linalochomwa moto. Zinalipuka.